Urithi wa majengo: nani aliamua kwamba jumba la sultani ni letu sote?

Ukisimama Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukaipa bahari mgongo, majengo matatu yanakukabili. Kuliani ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa pwani hii mwaka 1698. Katikati ni Beit al-Ajaib, ambalo Sayyid Barghash bin Said alilijenga 1883 kwa ajili ya sherehe na hadhi. Kushoto ni kasri jeupe la Beit al-Sahel, makaazi ya masultani mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Hakuna hata moja kati ya haya lililojengwa kwa ajili ya mvuvi wa Malindi, mchukuzi wa bandarini au mkulima wa Makunduchi. Na bado mjukuu wa mvuvi huyo anafundishwa skuli kwamba haya ni urithi wake, naye hana sababu ya kukataa. Jengo la mtu mmoja linageukaje kuwa la watu wote?

Urithi wa majengo, kwa maana inayotumika na serikali, ni majengo ambayo dola imeyatenga na mengine na kusema: haya hata mwenye hati asiyabomoe apendavyo, kwa sababu wengine pia wana haki nayo. Umiliki ni jambo moja na urithi ni jambo jengine. Mwenye nyumba ana funguo, ana hati, anaweza kupangisha au kuuza. Urithi ni dai la watu wasio na funguo. Ndiyo maana nyumba ya Shangani inaweza kuwa ya familia moja kisheria, na familia hiyohiyo ikahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kutoa dirisha la mbao na kutia la alumini. Wenye nyumba wananung'unika, na wana haki ya kunung'unika. Fahari ni ya wote, lakini fundi analipwa na mmoja.

Ukale peke yake hautoshi kulifanya jengo kuwa urithi. Visiwa hivi vimejaa magofu ya kale kuliko Mji Mkongwe wote. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Pemba kuna Ras Mkumbuu, na kuna Pujini, ambako simulizi zinamtaja Mkama Ndume na ukali wake. Dunga, katikati ya Unguja, ilikuwa makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji ambaye Waomani walimkuta na wakaishi naye kwa mapatano. Kwa hoja ya utambulisho wa Mzanzibari, Dunga ingestahili kuwa ya mwanzo kutajwa. Lakini mwambie mgeni akutajie majengo matano ya Zanzibar, uone kama Dunga itakuwamo. Mahali panapotunzwa na kutangazwa huwa pamechaguliwa, na anayechagua mara nyingi ni serikali.

Dhana yenyewe haikuanzia hapa. Ufaransa ilifanya mapinduzi 1789, na katika hasira ya miaka ile watu walivunja makanisa, makaburi na masanamu ya wafalme. Mwaka 1793 kasri la kifalme la Louvre likafunguliwa kuwa makumbusho ya umma, na 1830 serikali ikaunda cheo cha mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria. Hatua ya kwanza ilikuwa kumwondoa mfalme, ya pili kuligawa kasri lake kwa wananchi, na ya tatu kumlipa mtu mshahara alilinde. Anayeijua historia ya Zanzibar baada ya 1964 ataona njia tuliyopita haikuwa ngeni sana.

Waingereza walikuwa wameanza mchezo huu kabla yetu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zilipiga mabomu kasri kwa muda usiofika hata saa moja, ili kumwondoa Khalid bin Barghash kwenye kiti cha usultani. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri hilo, ilisambaratika, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika vibaya. Baada ya hapo watawala haohao waliobomoa wakawa wajenzi. J. H. Sinclair, ofisa wa utawala aliyekuwa pia msanifu majengo na mwishowe akawa Mkaazi Mkuu wa Kiingereza, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza visiwani, aliacha alama zake Mahakama Kuu ya Vuga na Beit al-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya kwanza. Tazama mapaa yake ya kuba na matao yake: ni Mashariki kama Mwingereza alivyoipenda. Utawala ule ulitaka Zanzibar ionekane ni nchi ya Kiarabu chini ya sultani anayelindwa, na majengo yalisaidia kuisema hadithi hiyo bila kelele. Mimi naliona Beit al-Amani ni jengo zuri, na uzuri wake haunizuii kuona lilikuwa linatetea nini.

Yalipokuja Mapinduzi, hadithi ilibidi ibadilike. Serikali mpya ilikuwa na njia mbili: kubomoa au kuyapa majengo kazi nyengine. Kwa sehemu kubwa ilichagua ya pili, na ya kwanza kubadilishwa yalikuwa majina. Beit al-Sahel ikaitwa Kasri la Wananchi. Hospitali kuu, ambayo iliwahi kubeba jina la Karimjee Jivanjee, ikaitwa V. I. Lenin, na baadaye ikawa Mnazi Mmoja kama tunavyoijua. Beit al-Ajaib, iliyokuwa ofisi za Waingereza kwa miaka mingi, ikatumiwa na Afro-Shirazi, chama kilichoshika madaraka, kufundishia itikadi. Watu ambao wazazi wao wasingethubutu kupita mlango ule, ule mkubwa wa mbao zilizochongwa, wakawa wanaingia na madaftari.

Nyumba za kawaida zilipata mkasa wao. Serikali ilitaifisha nyumba nyingi za Waarabu na Wahindi waliokimbia au waliofukuzwa, ikazitia familia kutoka Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na mashamba kwa kodi ndogo. Kama haki, lilikuwa jambo kubwa. Kama matunzo, lilikuwa balaa. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja wenye watumishi ikakaliwa na familia tano au sita, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji ghorofani. Nyengine zilikuwa za wakf, zilizowekwa wakfu kwa misikiti, mayatima au jamaa, na kodi ya wakf haikuwa ikitosha hata kubadilisha boriti moja. Mpaka kufikia miaka ya 1980, kuanguka kwa nyumba wakati wa masika kulikuwa habari ya kawaida mjini.

Hapa inafaa kusogea karibu na ukuta wenyewe, maana mjadala wa urithi hupaa sana mawinguni. Nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo mwekundu na chokaa, ukuta wa nusu mita au zaidi. Dari ni boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haurefuki sana, chumba huwa chembamba, upana wake mita tatu hivi. Chokaa huruhusu ukuta kupumua: unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari huingia na kutoka. Sasa mtu akija na saruji, kwa nia njema kabisa, akapiga plasta ngumu nje, unyevu unafungiwa ndani. Miaka michache baadaye plasta inaanza kuvimba. Igonge kwa kidole, utasikia uwazi nyuma yake. Ikibanduka hubanduka kipande kizima, na nyuma unaona unga mweupe wa chumvi na jiwe lililolegea unaloweza kulikwangua kwa ukucha. Wakati huohuo juu kabisa, bati limetoboka mahali padogo pasipoonekana na mtu yeyote, na tone linafuata ncha ya boriti ilipochimbiwa ukutani. Boriti inaoza pale ilipofichika. Siku inapokatika, watu husema nyumba imeanguka ghafla.

Kuhifadhi, basi, kazi yake kubwa ni mapaa, mifereji na chokaa. Mambo haya hayazinduliwi kwa utepe. Hakuna waziri anayealikwa kuja kuona mfereji wa maji uliozibuliwa. Serikali popote duniani hupenda urithi unaopigwa picha, na hiyo ni moja ya sababu majumba makubwa hupata wafadhili na nyumba ya ghorofa mbili ya Mkunazini isipate.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980, na sababu moja ilikuwa ya kiuchumi. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka, hazina haina kitu, na utalii ukaonekana ndiyo njia. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985. Mwaka 1994 ukatolewa mpango mkuu wa hifadhi, ulioandaliwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao pia ulikarabati ile Zahanati ya Kale yenye roshani za nakshi aliyoianzisha Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi. Mwaka huohuo Kasri la Wananchi likafunguliwa kuwa makumbusho ya kasri, na ndani yake kukawekwa hata chumba cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka 1866 na kuishia Ujerumani akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Fikiria: miaka thelathini baada ya sultani kukimbia kwa meli, serikali iliyomwondoa inakata tiketi za kutazama fanicha zake. Wengine wanaona ni unafiki. Mimi naona ni dalili ya serikali iliyojiamini vya kutosha kwamba kitanda cha sultani hakitamrudisha sultani.

Mwaka 2000 UNESCO ikaandika Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalifahamu vizuri. Mambo ya kale na utamaduni si mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake, idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, na Mamlaka yake ya Mji Mkongwe. Lakini mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 ni kati ya nchi na nchi, na nchi iliyouridhia, 1977, ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa hiyo Mji Mkongwe uko katika orodha moja na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, chini ya jina la Tanzania, huku kibali cha kubadilisha mlango kikitolewa Unguja. Mzanzibari mwenyewe akiulizwa ni utambulisho wa taifa lipi uliomo katika kuta hizi, jibu linategemea anayeuliza ni nani na wako wapi. Kwa mgeni wa Ulaya atasema Tanzania au Zanzibar, lolote lililo karibu na ulimi. Barazani Jaws Corner, penye kahawa na siasa, swali hilohilo linaweza kuchukua usiku mzima.

Utambulisho wa taifa haujengwi kwa fahari tu. Mkunazini lipo kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa baada ya soko la watumwa kufungwa 1873, chini ya Askofu Edward Steere. Nje yake, ndani ya shimo, yamesimama masanamu ya watumwa yaliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, shingoni wamefungwa minyororo. Kila siku makundi ya wageni hupita hapo, kisha hushuka katika vyumba vya chini vya jengo la jirani na kuelezwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa. Baadhi ya wanahistoria wanakihoji kisa hicho, kwa sababu jengo lile ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Utumwa ulikuwapo, tena hatua chache kutoka hapo; hilo halina ubishi. Lakini ukitaka kuona jinsi mahali panavyopewa kazi ya kubeba kumbukumbu hata kama ushahidi wake ni dhaifu, hapo ndipo pa kuangalia. Kumbukumbu inataka chumba cha giza, na chumba kikapatikana. Na kwa kulinganisha, nyumba aliyoishi Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa watumwa, pale Shangani, ambayo haina utata, ilikaa miaka na miaka ikiwa makaazi ya wapangaji, mgeni akionyeshwa mlango tu.

Kisha ikaja Krismasi ya 2020. Tarehe 25 Disemba, kazi za ukarabati zikiendelea, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka. Watu wawili walifariki. Haikuwa bila dalili, kwani pembe moja ya jengo ilikuwa imekwisha kuanguka 2012. Huzuni iliyotanda mjini ilikuwa ya kweli, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuingia ndani. Lilikuwa jengo la kwanza visiwani kuwa na umeme, la kwanza kuwa na lifti, na saa yake ndiyo iliyokuwa ikionekana kutoka baharini na mtu anayerudi nyumbani.

Swali la kulijenga upya linaifungua dhana hii kuliko maelezo yoyote. Je, lirudishwe lipi? Mnara uliopo katika picha zetu zote, kadi za posta na fulana haukuwamo katika jengo la Barghash la 1883. Uliunganishwa baada ya mabomu ya 1896. Anayesema lirudi kama lilivyojengwa anataka jengo lisilo na mnara ambalo hakuna mtu aliye hai anayelikumbuka. Anayesema lirudi kama tulivyolijua anarudisha pia athari ya shambulio la Waingereza. Na ukarabati wenyewe ulikuwa ukigharimiwa na Serikali ya Oman, jambo ambalo baadhi wanaliona ni ndugu kusaidiana, na wengine wanalitazama kwa jicho la pembeni wakikumbuka 1964. Kila jibu ni la kisiasa, hata likiandikwa kwa lugha ya wahandisi.

Mwekezaji naye ana kauli yake. Jengo la Mambo Msiige, lililokuwa na ofisi za Serikali, leo ni sehemu ya hoteli kubwa ya ufukweni, baada ya mvutano uliofika mpaka kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Hoja ya wanaounga mkono hoteli si ya kupuuzwa: hoteli inaziba paa, inalipa mafundi, inafufua kazi ya kuchonga milango. Lakini mtaa ambao nyumba tatu kati ya nne ni za wageni hauna mtoto wa kutumwa dukani wala mzee wa kukaa barazani, na baraza bila watu ni jiwe tu la kuwekea mabegi. Sheria ya hifadhi inajua kulinda kimo cha jengo, rangi na aina ya dirisha. Mkaazi haijajua namna ya kumlinda.

Upande wa pili wa barabara mambo ni tofauti kabisa. Pale ilipo leo barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, palikuwa na mkono wa bahari, na Darajani ndipo palipokuwa na daraja lake. Ng'ambo ya maji walikaa watu waliojenga nyumba za mawe bila kukaa ndani yake. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo na makuti, kwa hiyo nyingi hazikubakia. Lakini kama urithi wa taifa ni mahali taifa lilipozaliwa, basi Ng'ambo ina madai mazito kuliko Shangani. Raha Leo ndipo redio ya Mapinduzi iliposikika. Kisiwandui ndipo zilipokuwa ofisi za Afro-Shirazi, ndipo Mzee Abeid Amani Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa.

Na Michenzani je? Yale majengo marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, baada ya nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo kuvunjwa ili kuyapisha, yalikuwa ahadi ya Karume kwa watu wa vibandani: nyumba ya kisasa, maji ya bomba, umeme, choo cha ndani. Mtalii huyapita haraka akielekea mashamba kutembelea viungo. Kwa miaka mingi hata sisi tuliyaona mabaya. Sasa Idara ya Mipango Miji na Vijiji imeanza kuitazama Ng'ambo kuwa ina urithi wake, na wapo wanaosema Michenzani ilindwe kama tunavyolinda Mji Mkongwe. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu ni miongoni mwa majengo makubwa machache katika mji huu ambayo serikali iliyajenga moja kwa moja kwa kuwakusudia wananchi wakae. Ila saruji ya Michenzani inataka mafundi wake, si wa chokaa. Na mama wa ghorofa ya sita anayepandisha madumu ya maji kwa ngazi, akiambiwa nyumba yake imeorodheshwa, jambo la kwanza atakalouliza ni lini pampu itatengenezwa.